Ramani kwa watoto wadogo: kuanzia uani hadi kituo cha daladala

Mpe mgeni wako jina la mtaa peke yake, atakupigia simu njia nzima. Mwambie "shuka Buguruni Sheli, rudi nyuma kidogo, ukiona msikiti wenye geti la kijani kata kushoto, halafu uliza kwa fundi cherehani," atafika bila shida. Watu wa Dar es Salaam tunatembea na ramani kichwani, na watoto wetu wanazo pia. Mtoto wa miaka mitano anayetumwa chumvi gengeni na kurudi na chenji ameshajua njia, umbali, kona na alama. Kilichobaki ni kumsaidia ayatoe yale ya kichwani ayaweke chini, mbele ya macho, mtu mwingine naye aweze kuyafuata.

Wazazi wengi huanzia mwisho. Wananunua ramani ya dunia, wanaibandika sebuleni, na mtoto anakaririshwa: hii Afrika, hii Tanzania, lile ziwa ni Viktoria. Atakariri vizuri tu na wageni watampigia makofi. Lakini mpe karatasi yenye mchoro wa chumba anacholala, mwambie pipi iko pale palipo na alama, uone kama atafika. Ramani ni kitu cha kutafutia. Ndiyo maana katika kila mchezo ulioko hapa chini kuna kitu kilichofichwa, au kuna mtu anayetakiwa kufika mahali fulani. Ukiondoa hilo, unabaki na somo la kuchora na kupaka rangi, ambalo ni zuri lakini si hili.

Michezo hii inawafaa watoto wa miaka mitatu hadi minane. Chini ya mitatu usijisumbue. Mwaka 1987 mtafiti wa Marekani Judy DeLoache alichapisha jaribio ambalo walimu wa watoto wadogo hulitaja hadi leo. Alimwonyesha mtoto chumba kidogo cha mfano, akaficha mwanasesere mdogo ndani yake, kisha akamwambia kwamba mwanasesere mkubwa amejificha mahali palepale katika chumba halisi. Watoto wa miaka mitatu na kidogo wengi walikwenda moja kwa moja. Wa miaka miwili na nusu, ambao wamewazidi kwa miezi michache tu kwa udogo, walibabaika, ingawa walikumbuka vizuri mdogo alifichwa wapi. Kwa hiyo wako akishindwa leo, weka pembeni, mrudie baada ya miezi miwili mitatu.

Vifaa ni vya nyumbani: boksi la viatu, vizibo vya soda, punje za maharage, uzi, chaki au kipande cha mkaa, penseli, na daftari la hesabu lenye viboksi. Pipi chache za kuficha, au karanga kama nyumbani kwenu pipi ni mwiko.

Hatua ya kwanza: mwili kabla ya karatasi

Cheza dereva na konda. Mtoto mmoja ni dereva, anafungwa kitambaa machoni. Mwingine anakaa nyuma yake ndiye konda, na kazi yake ni kumpitisha dereva kati ya ndoo, viti na kandambili zilizotawanywa uani bila kugonga kitu. Konda haruhusiwi kusema "huku" wala "kule." Anasema: mbele hatua mbili, simama, kata kulia, rudi nyuma. Ukimkataza "huku" na "kule," utashangaa jinsi mtoto anavyohangaika kutafuta maneno, na kuhangaika huko ndiko kunakotakiwa.

Kulia na kushoto huwasumbua watoto wengi hadi wanapokaribia miaka saba, na hata baada ya hapo wanapokabiliana na mtu uso kwa uso. Mfunge uzi mwekundu mkono wa kulia wakati wa mchezo, umalizie hapo. Hakuna haja ya kumgombeza.

Hatua ya pili: kunguru anaonaje?

Hii ndiyo hatua ngumu kuliko zote na ndiyo inayorukwa. Ramani ni picha ya mahali palipotazamwa kutoka juu, na mtoto mdogo hajawahi kukaa juu. Yeye huiona meza ubavuni: ubao na miguu. Mwambie achore meza kutoka juu, atakuchorea mstatili na miguu minne imetanuka pande zote utadhani kaa. Kwa akili yake yuko sahihi, maana meza bila miguu si meza.

Dar tuna msaidizi wa bure: kunguru. Wamejaa kila paa na kila jalala, na kila mtoto anawajua. Muulize, "Kunguru akiruka juu ya hii meza, anaona nini?" Weka kikombe sakafuni, mtoto asimame kwenye kiti (umshike), atazame chini moja kwa moja. Kikombe kimegeuka duara lenye sikio. Kijiko kinabaki kijiko. Sufuria ni duara kubwa lenye masikio mawili, ndoo ni duara lenye mstari wa mpini. Mwavuli uliofunguliwa huwafurahisha sana, kwa sababu fimbo inapotea kabisa.

Kisha weka vitu hivyo juu ya karatasi kubwa, hata gazeti au karatasi ya kufungia maandazi, avizungushie penseli kimoja kimoja. Ondoa vitu. Mwite mtu ambaye hakuwepo, dada au jirani, akisie kila umbo ni la nini na kukirudisha kitu mahali pake. Kandambili inatambulika haraka. Kikombe na kopo huleta ubishi, na ubishi ule ndio utakaomfanya mtoto mwenyewe adai kuongeza kialama: sikio, kifuniko, rangi. Ufunguo wa ramani umeanza hapo, bila wewe kuutaja.

Rudieni mchezo huu siku kadhaa kabla ya kusonga mbele. Ninaukazania kwa sababu mtoto aliyeshika "macho ya kunguru" huzipita hatua zinazofuata kwa mteremko, na ambaye hajayashika atakuwa anakuigiza tu.

Hatua ya tatu: chumba ndani ya boksi

Chukua boksi la viatu, toa kifuniko. Kata upande mmoja mlango, palepale ulipo mlango wa chumba, na upande mwingine dirisha. Kiberiti kiwe kitanda, kizibo kiwe ndoo, kipande cha kanga kiwe pazia. Mtoto apange mwenyewe, wewe uliza maswali tu: "Ukiingia mlangoni, kitanda kiko mkono gani?"

Sasa ficha punje ya harage chini ya kiberiti, yeye akiwa anaangalia. Mwambie pipi iko palepale, lakini katika chumba cha kweli. Akiipata, badilishaneni: yeye afiche, wewe utafute. Usijifanye hujui kupita kiasi, watoto hugundua.

Mwanzoni boksi likae limeelekea kama chumba kilivyo, mlango wa boksi ukitazama upande wa mlango wenyewe. Baada ya siku chache ligeuze robo mzunguko bila kusema kitu. Wapo watakaochanganyikiwa, na wapo watakaoligeuza boksi wenyewe kulirudisha. Huyo anayeligeuza amefika mbali. Watu wazima wengi huzungusha simu yao hivyohivyo wakitafuta njia.

Hatua ya nne: uani

Nyumba zetu nyingi za uswahilini zimejengwa zinavyofanana: korido katikati, vyumba huku na huku, mlango wa nyuma unatokea uani, na huko kuna jiko, choo, bomba au pipa la maji, kamba za kuanikia, pengine mpapai mmoja. Uani ni pazuri kwa ramani ya kwanza kubwa kwa sababu una mipaka na mtoto anaujua kwa miguu. Anayekaa ghorofani atumie veranda na ngazi, au uwanja wa chini wanapoegesha magari, saa ambayo magari hayapo.

Chora na chaki kwenye sakafu ya saruji, au kwa kijiti mchangani. Karatasi ije baadaye. Kwenye mchanga mtoto anaweza kusimama juu ya ramani yake, kufuta, kusogeza choo kilichokaa vibaya, na wenzake wakachangia. Aanze na kuta, kisha mlango, kisha vile vikubwa visivyohama.

Nilikaa jioni moja na bibi wa nyumba ya jirani na mjukuu wake wa miaka sita, mchoro wa chaki uko katikati yao.

"Bibi, ndoo nyekundu haipo tena."

"Ilikuwa wapi ulipoichora?"

"Hapa, pembeni ya bomba. Mama kaichukua ya kufulia."

"Sasa tuiache kwenye ramani au tuifute?"

Mtoto akatazama bomba, akatazama mchoro. "Tuifute. Ndoo inatembea."

Swali la bibi lilikuwa moja tu na halikuwa na jibu ndani yake. Ukiweza kuuliza hivyo, huhitaji mwongozo huu.

Ramani ikishakaa sawa, cheza kombolela kwa mtindo mpya. Anayejificha anapewa kizibo chenye rangi yake. Kabla ya kukimbia anakiweka kwenye ramani, palepale anapokwenda kujificha. Anayetafuta, badala ya kuzunguka ovyo, anakuja kusoma ramani kwanza. Sheria ni mbili: kizibo kisidanganye, na mtafutaji asikimbie kabla hajaonyesha kwa kidole anakoelekea. Aliyeweka kizibo upande usio wake anakamatwa kwa ubishi wa kundi zima. Kundi la watoto kumi huucheza mchezo huu mpaka magharibi inaingia na mama zao wanaanza kuita.

Kwa wa miaka sita na kuendelea, ongeza kipimo. Kutoka mlango wa nyuma hadi bombani ni hatua ngapi? Apime kwa hatua zake mwenyewe, kisha kwenye daftari la viboksi kila hatua iwe kiboksi kimoja. Hatua zako na zake hazilingani, na hilo ni jambo la kulijadili: mchoro wa nani ni mkubwa, na kwa nini? Akikuuliza "tutumie hatua za nani sasa?" umeshafundisha kipimo cha ramani.

Hatua ya tano: mtaani

Tembeeni kwanza bila karatasi. Chagua njia fupi ambayo mtoto huipita kila siku: nyumbani hadi shule, au nyumbani hadi duka la Mangi. Mpe kazi ya kutaja kila anachokiona, na wewe ubebe swali la ndoo: kesho kitakuwepo? Mama wa mihogo huja jioni tu. Bajaji za kijiweni zinaondoka. Msikiti, nguzo ya umeme, mwembe, mtaro, ofisi ya serikali ya mtaa, hivyo vipo. Bango la kampuni ya simu lipo, ila linaweza kung'olewa wiki ijayo. Acha mtoto aamue kipi kinafaa kuwa alama.

Majina ya vituo vyetu yalizaliwa hivyohivyo. Magomeni Mapipa, Mwembechai, Tabata Relini, Ubungo Maji: kuna kitu kilikuwa pale na watu wakakishika. Mtoto anafurahi akijua kwamba naye anaweza kuibatiza kona yake. Kama ameipa jina "kwa mbwa mkali," liandikeni hivyo.

Tazameni pia vibao vya anwani za makazi vilivyowekwa katika operesheni ya mwaka 2022, mwaka ule wa sensa. Nyumba nyingi zina namba na barabara nyingi zina jina lililoandikwa kwenye nguzo ya kona, na wakazi wengi hatuyajui ya kwetu. Mchezo mfupi: namba zinaongezeka tukielekea wapi? Namba shufwa ziko upande gani? Mtoto anayejua jina la barabara yake, namba ya nyumba, na alama kubwa ya jirani ana kitu cha kumwambia askari au mwalimu siku akipotezana na wewe Kariakoo au kwenye umati wa Sabasaba. Mfundishe pia kuuliza kwa adabu, maana hiyo nayo ni sehemu ya kujua njia: "Shikamoo babu, eti kwa mjumbe ni wapi?" Babu ataitikia marahaba na kumpa maelekezo; mtoto ayarudie kwa sauti, kisha muyafuate pamoja muone kama mmefika. Mchezo huu ni wewe ukiwa pembeni yake. Usimtume peke yake kwa watu asiowajua.

Mambo ya usalama yasiyo na mjadala: mshike mkono penye bodaboda, tembeeni upande mnaoyaona magari yanakuja, na mtaro usio na mfuniko hauchunguliwi.

Mkirudi, chora. Tumia uzi kwa barabara, vizibo kwa nyumba, majani kwa miti, juu ya mkeka au gazeti. Uzi unakubali kupindwa mpaka kona ikae sawa, jambo ambalo penseli hailipendi. Kisha mjaribu: chukua gari la kuchezea au punje ya harage, "nipeleke shule." Akipita katikati ya nyumba ya jirani, muulize kama kuna kichochoro pale. Huenda kipo na wewe hukijui; watoto wanavijua vichochoro kuliko sisi.

Ikinyesha, msikose nafasi. Mvua ya masika ikikatika, tokeni mkatazame maji yanatoka wapi na yanakwenda wapi, na rangi ya bluu iingie kwenye ramani ya mtaa. Dar hili si jambo la mchezo tu. Mto Msimbazi ukijaa, Jangwani hufunikwa na jiji linakatika vipande viwili. Kuanzia 2015, mradi wa Ramani Huria uliwakusanya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi pamoja na wakazi wa kata zinazofurika, wakapita mtaa kwa mtaa kuchora nyumba, vichochoro na mitaro ambayo haikuwepo kwenye ramani yoyote. Mwambie mtoto kwamba watu wazima walifanya kazi hiyo kwa kutembea na kuuliza, kama anavyofanya yeye.

Hatua ya sita: kaskazini iko wapi?

Usianze na herufi N juu ya karatasi. Anza na fimbo. Isimike uani mahali penye jua, na weka kokoto penye ncha ya kivuli asubuhi, adhuhuri na alasiri. Asubuhi kivuli kinalala magharibi, jioni mashariki, hilo halina utata. Adhuhuri ndipo penye uhondo. Vitabu vilivyoandikwa Ulaya husema kivuli cha adhuhuri huelekea kaskazini. Kwetu si lazima, kwa sababu Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Mwezi Juni jua la adhuhuri liko upande wa kaskazini, kivuli kinaangukia kusini. Desemba jua limehamia kusini, kivuli kinaangukia kaskazini. Mwanzoni mwa Machi na kwenye wiki ya pili ya Oktoba jua hupita utosini, na fimbo karibu haina kivuli. Simameni nje siku hizo, kati ya saa sita na saa saba kasorobo, mtafute vivuli vyenu chini ya miguu. Watoto wanapiga kelele za furaha. Waonye mapema wasilitazame jua lenyewe.

Msaada wa pili ni bahari. Kwa mkazi wa Tabata, Ubungo au Kimara, bahari iko mashariki na hiyo inamtosha. Masaki haitoshi, kwa kuwa kule ni rasi na maji yapo karibu kila upande. Wa tatu ni upepo: kaskazi ya Desemba hadi Machi hutoka kaskazini-mashariki, kusi ya katikati ya mwaka hutoka kusini. Funga kipande cha kitenge kwenye mti mkitazame asubuhi, kabla upepo wa mchana wa baharini haujaanza kuchanganya mambo.

Mtoto akikuuliza kwa nini kaskazini huchorwa juu, mwambie ukweli: ni mazoea. Al-Idrisi, mwanajiografia aliyefanya kazi katika kasri la mfalme wa Sisilia, alikamilisha ramani yake maarufu ya dunia mwaka 1154, na kusini ndiyo iko juu. Acha naye achore mtaa wake akiweka bahari juu akitaka. Ila aandike pembeni ipi ni ipi.

Hatua ya saba: jiji zima kiganjani

Mtoto alaze mkono wa kulia mezani, kiganja kikitazama juu, vidole vikielekea kushoto. Kidole gumba kitakuwa kinaelekea mbele, mbali na yeye. Kiganja ni Posta na Kariakoo, kifundo cha mkono kiko baharini. Kidole gumba ni Barabara ya Bagamoyo: Mwenge, Tegeta, Bunju. Cha shahada ni Morogoro: Magomeni, Ubungo, Kimara. Cha pete ni Nyerere: Tazara, uwanja wa ndege, Gongo la Mboto. Kidole cha mwisho ni Kilwa: Mtoni, Mbagala, Kongowe. Cha kati kikunje, hatukihitaji. Chukua uzi uuvushe kwenye vidole kuanzia Ubungo, upitie Buguruni na Tazara hadi bandarini: hiyo ni Barabara ya Mandela. Kigamboni iko ng'ambo ya maji, na mtoto atakuuliza tunafikaje. Kwa pantoni, au kwa daraja lililofunguliwa 2016.

Sasa kila mkipanda daladala muulize tuko kidole gani. Babu yake anakaa kidole gani? Shangazi je?

Kwa mwendokasi, tengenezeni ramani ya mstari. Tundika vifungo vya shati kwenye uzi, kila kimoja kituo: Kimara Mwisho, Ubungo, Manzese, Magomeni, Jangwani, Fire, Kivukoni. Ndani ya basi mtoto anasogeza kidole kila mlango unapofunguka. Atagundua kwamba vifungo vimepangwa sawasawa ilhali vituo vingine viko mbalimbali. Hiyo si kasoro. Ramani ya treni za London iliyochorwa na Harry Beck na kutolewa 1933 ilifanya hivyohivyo makusudi, kwa sababu abiria anataka kujua ashuke wapi na abadilishe wapi, basi.

Simu, mwisho kabisa

Baada ya haya yote, fungua picha ya satelaiti kwenye simu. Usimwonyeshe kwenu, mwache atafute. Uwanja wa Mkapa ni duara rahisi kuliona. Kariakoo ni mistari iliyokatana kama daftari la viboksi. Kutoka alama moja hadi nyingine ataburuta kidole mpaka afike bati lake, na mtoto aliyecheza kunguru hatakuuliza "huu ni nini?" Atakwambia mpapai umekatwa. Picha hizo huwa za zamani kidogo, mweleze hivyo. Na msiweke alama ya "nyumbani kwetu" mahali ambapo watu wasiowajua wanaweza kuiona.

Kwa mwalimu wa awali mwenye darasa la watoto sitini au zaidi, usigawe karatasi. Gawa darasa makundi ya watoto sita sita, kila kundi lichore kona yake ya uwanja wa shule mchangani au kwa mkaa kwenye saruji, lifiche kizibo kimoja na kuweka alama, kisha makundi yabadilishane ramani. Walioshindwa kupata kizibo wawaulize wachoraji nini kimekosekana, na wachoraji waongeze papohapo. Fanya kipindi cha asubuhi, kabla jua halijawa kali na kabla ya uji.